Mavazi ya Kinga na Ngozi Yako: Mwongozo Kamili kwa Wafanyakazi wa Nairobi

Kuna mafundi wanaovaa glavu kila siku na bado mikono yao imepasuka, inawasha usiku, na chumvi ya chakula ikigusa kidole wanaruka. Ukiwauliza watakuambia glavu hazisaidii. Ukweli ni kwamba glavu zilinunuliwa kwa kuangalia bei, si kwa kuangalia kitakachoshikwa. Glavu isiyofaa inaweza kuumiza kuliko mkono mtupu, kwa sababu mkono mtupu ukichafuka utaunawa. Kemikali ikishapenya ndani ya glavu inakaa humo, joto na jasho vinaisukuma kwenye ngozi, nawe unaendelea na kazi ukidhani umejikinga.

Mwongozo huu ni wa mtu wa mjengo, makanika, mchomeleaji, mama wa saluni, fundi wa kupaka magari rangi na kijana wa kiwandani Industrial Area. Ufuate kwa mpangilio. Kununua kunakuja katikati, si mwanzo.

Hatua ya 1: Jua unachoshika

Dukani utaulizwa unataka glavu za bei gani. Kabla ya kufika huko, jiulize unashika nini: simiti mbichi, thina, maji ya betri, oili chafu, dawa ya kulainisha nywele? Hakuna mpira mmoja unaozuia vyote hivyo.

Kemikali ya kazini inatakiwa kuja na karatasi ya maelezo ya usalama yenye sehemu 16. Huna haja ya kuzisoma zote. Soma sehemu ya 2 inayoeleza hatari, ya 4 ya huduma ya kwanza na ya 8 ya mavazi ya kinga. Karatasi nzuri inataja aina ya glavu na unene wake. Ikiandika tu "vaa glavu zinazofaa", mpigie msambazaji simu umwulize zinazofaa ni zipi. Kwenye mtungi wenyewe tafuta alama ya umbo la almasi yenye mpaka mwekundu. Mchoro wa kimiminika kinachomwagikia mkono na chuma maana yake kinaunguza. Alama ya mshangao inaweza kumaanisha kinawasha ngozi au kinaleta mzio.

Shida yetu hapa ni kupimiwa. Thina inapimwa kwenye chupa ya soda, asidi ya kusafishia vigae kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ukilazimika kununua hivyo, omba uone mtungi mkubwa, piga lebo yake picha kwa simu, kisha andika jina kwenye chupa yako kwa kalamu isiyofutika. Muuzaji akikataa kukuonyesha mtungi, nenda kwa mwingine.

Ngozi huumia kwa njia mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ni mwasho wa moja kwa moja: kemikali au maji yanaondoa mafuta ya ngozi, inakauka, inakuwa nyekundu, inapasuka. Hii inaweza kumpata yeyote, na maji matupu yanatosha kuileta. Anayelowa mikono zaidi ya saa 2 kwa siku, au kunawa zaidi ya mara 20, yuko hatarini hata kama hajawahi kugusa asidi. Ndiyo maana anayeosha nywele za wateja, anayeosha magari na anayeosha vyombo hotelini wako kundi moja na mtu wa kiwandani.

Ya pili ni mzio. Mtu anaweza kushika kitu miaka bila shida, halafu siku moja mwili unakikataa, na kuanzia hapo hata kiasi kidogo kinaleta vipele na malengelenge, kwa kawaida siku 1 hadi 3 baada ya kugusa. Vinavyojulikana sana kwa hili ni kromiamu iliyo ndani ya simiti, gundi na rangi za epoksi, rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na kemikali zinazotumika kukomaza mpira wa glavu zenyewe. Mzio huu ukishaingia kwa kawaida hautoki. Kuna mafundi walioacha mjengo kabisa kwa sababu yake.

Simiti inahitaji neno la ziada, kwa kuwa watu wengi huiona kama udongo tu. Ikichanganywa na maji, ukali wake wa alkali hufika 12 hadi 13 kwenye kipimo cha asidi na alkali kiitwacho pH, wakati ngozi iko karibu na 5. Ubaya wake ni kwamba haiumi mwanzoni. Fundi anapiga magoti kulainisha sakafu, anahisi unyevu tu kwenye suruali, anamaliza kazi, anapanda matatu. Jioni anapovua suruali anakuta goti limeungua hadi ndani. Kuhusu kromiamu, Ulaya iliweka sheria tangu 2005 kwamba ile ya aina kali isizidi sehemu 2 kwa milioni ndani ya simiti. Wewe chukulia kwamba mfuko ulio mbele yako unayo.

Hatua ya 2: Punguza kugusa

Kabla ya kutoa pesa, angalia kama kuna kazi unayoweza kuifanya bila ngozi kukaribia kemikali. Koroga rangi kwa mti mrefu, si kwa mkono. Osha vipuri kwa brashi ndani ya karai badala ya kuvichovya na vidole. Hamisha asidi kwa pampu ya mkono. Nyunyizia vumbi maji kabla ya kufagia. Anayelainisha sakafu apate ubao wa kupigia magoti au pedi zisizopitisha maji. Mambo haya ni rahisi, na mengi hayagharimu hata shilingi mia.

Hatua ya 3: Chagua glavu kwa kemikali yake

Glavu za lateksi, yaani mpira wa asili, zinavutika vizuri na zinafaa kwa maji na sabuni, lakini oili na petroli huzilegeza haraka. Pia zina mzio wake, tena wa hatari: ukivaa na ndani ya dakika chache mikono inavimba, macho yanawasha au kifua kinabana, vua, usivae lateksi tena, na ufike hospitali. Zenye unga ndani ni mbaya zaidi kwa sababu unga husambaza chembe za mpira hewani.

Nitrili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, ndiyo rafiki wa makanika. Inastahimili oili, grisi na petroli kuliko lateksi. Lakini kuna kosa linaloonekana kila mahali wanapopaka magari rangi: zile nyembamba za buluu au nyeusi za kutupwa zinatumika kwa thina. Thina mara nyingi ina tolueni au asetoni, na asetoni hupenya nitrili nyembamba ndani ya dakika chache. Glavu itaonekana nzima, labda imevimba kidogo, ilhali mkono tayari umelowa. Glavu nyembamba ya kutupwa ni ya matone tu: likidondoka, vua, nawa, vaa nyingine. Kwa kazi ya asetoni tafuta glavu za mpira wa butili. Ni ghali na haipatikani kila duka, kwa hiyo kama kazi ni ya dakika mbili, tumia brashi yenye mpini mrefu na glavu nene za nitrili unazozibadilisha mara kwa mara.

PVC na mpira mzito wa neopreni hufaa kwa simiti, maji ya betri na sabuni kali. Glavu za ngozi ya ng'ombe ni za joto, cheche na makali ya mabati. Usizilete kwenye simiti mbichi: zinanyonya maji yenye alkali na kuyashikilia, na ngozi nyingi za aina hii hutengenezwa kwa kutumia chumvi za kromiamu, jambo linalomtesa mwenye mzio wa simiti mara mbili. Glavu za kitambaa zenye mpira kiganjani tu, zile zinazouzwa kila kona ya Gikomba, ni za kubebea mawe na nondo makavu. Mgongo wa mkono uko wazi, kwa hiyo kimiminika kinaingia moja kwa moja.

Ukishika glavu za kemikali dukani, geuza mgongo wake utafute namba ya kiwango cha usalama, EN 374 au ISO 374, na mchoro wa chupa ya maabara. Chini ya mchoro huwa kuna herufi, kila moja ikisimamia kemikali iliyotumika kuipima. Herufi K ni sodiamu hidroksidi ya asilimia 40, yaani alkali kali ya jamii ya dawa za kulainishia nywele. L ni asidi ya salfuriki ya asilimia 96, yenye nguvu zaidi ya ile ya betri. B ni asetoni, F ni tolueni, na J ni heptani, iliyo karibu na jamii ya petroli. Glavu ya Aina A imezuia angalau kemikali 6 kwa dakika 30 au zaidi kila moja, Aina B angalau 3 kwa muda huohuo, na Aina C angalau moja kwa dakika 10. Fundi wa rangi anayenunua glavu isiyo na B wala F amenunua mapambo. EN 388 ni ya makali, mikwaruzo na kutoboka. Haisemi lolote kuhusu kemikali, ingawa wauzaji watakuapia kwamba "hii ni ya kila kitu, mkubwa".

Saizi si suala la starehe tu. Ikibana, mkono unatoa jasho na mpira unachanika kati ya vidole. Ikilegea, kimiminika kinaingia na unashika vibaya. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja chini ya vifundo vya vidole, bila dole gumba. Sentimita 18 hivi ni saizi 7, 20 ni saizi 8, 23 ni saizi 9, 25 ni saizi 10. Wanawake wengi kwenye saluni na viwandani hupewa saizi 9 kwa kuwa ndizo zilizoletwa. Lalamika.

Kabla ya kuvaa glavu nene, ivute mdomo wake kuipanua, ikunje kuanzia mdomoni kuelekea vidoleni kama unayekunja tyubu ya dawa ya meno, hewa ibanwe vidoleni. Kidole kisipobaki kimejaa, au ukisikia mshindo wa hewa karibu na shavu, ina tundu. Tupa.

Hatua ya 4: Ovaroli, aproni na buti

Kwa kazi nyingi za mjengo na gereji, ovaroli ya pamba yenye mikono mirefu inatosha: inapitisha hewa. Mchomeleaji asikubali poliesta hata kidogo. Cheche ikidondoka kwenye pamba inachoma tundu, lakini poliesta inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Awe pia na aproni ya ngozi, suruali isiyokunjwa chini, kwa sababu cheche hutua kwenye pindo, na shingo iliyofunikwa, maana mwanga wa kuchomelea unaunguza shingo kama jua la mchana, bila kujali ni mwezi wa Julai wenye baridi.

Mwenye simiti avae gambuti, na suruali itoke nje ya gambuti, si kuchomekwa ndani. Ikichomekwa, kila tone linalotiririka linaishia kwenye soksi na kukaa humo hadi jioni. Kwa glavu inategemea mkono ulipo: ukifanya kazi mikono ikiwa chini, mkono wa ovaroli uwe juu ya glavu, ukipaka dari na kimiminika kinatiririka kuelekea kiwikoni, glavu iwe juu na mdomo wake ukunjwe kama kikombe.

Ovaroli nyeupe za kutupwa zina aina zake. Aina ya 5 ni ya vumbi, ya 6 ni ya matone mepesi, ya 4 ni ya mnyunyizo, ya 3 ni ya kimiminika kinachoruka kwa nguvu. Kwa faibaglasi chukua ya 5, iwe imelegea, na ufunge vifundo vya mikono kwa selotepu. Ovaroli inayobana inasugua nyuzi ndani ya ngozi. Lakini Januari na Februari mwili unapika ndani ya nguo hizi, na jasho lenyewe huleta vipele vya joto kwapani na kwenye mapaja. Gawanya kazi kwa vipindi, toka ukae kivulini, fungua zipu ukiwa mbali na vumbi.

Mitumba? Ovaroli na buti za mitumba zinafaa, mradi uzikague. Nusa nguo, ikiwa na harufu ya kemikali au madoa magumu, iache. Ifue mara mbili kabla ya kuivaa. Kwenye buti tafuta maandishi EN ISO 20345, bonyeza soli uone kama imekauka na kupasuka, ingiza mkono uhisi kama chuma cha mbele kimetokeza. Glavu za kemikali usinunue za mitumba hata uzipewe bure. Huwezi kujua zimekunywa nini.

Jaribu saizi ya ovaroli kwa kuchuchumaa na kuinua mikono yote. Ikivuta kwenye goti au kiunoni, chukua kubwa zaidi.

Na lile tambara la oili kwenye mfuko wa paja, makanika, litoe leo. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza kwamba wasafishaji wa mabomba ya moshi walipata saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi yaliyokwama kwenye mikunjo ya ngozi. Oili ya injini iliyotumika ina kemikali za jamii hiyohiyo, na tambara mfukoni linailoweka kwenye paja mchana kutwa. Litundike kwenye msumari.

Hatua ya 5: Vaa mikono ikiwa safi, vua bila kujichafua

Nawa na ukauke kabisa kabla ya kuvaa. Kuvaa glavu juu ya mkono wenye simiti ni kufungia simiti ndani. Vua pete. Kwa kazi ndefu vaa glavu nyembamba za pamba chini ya zile za mpira na ubadilishe zikilowa jasho. Chukua jozi mbili au tatu, hukauka haraka kwenye kamba.

Wakati wa kuvua, osha kwanza glavu nene zikiwa bado mkononi. Zile za kutupwa, bana moja upande wa nje karibu na kifundo, ivute igeuke ndani nje, iache ndani ya kiganja cha mkono wenye glavu. Ingiza kidole kisafi chini ya mdomo wa ile ya pili, kwa ndani, uivute igeuke na kuifunika ya kwanza. Zitupe zote. Usizigeuze tena kuzivaa. Najua bei ya boksi, lakini glavu ya kutupwa iliyogeuzwa upande wenye rangi ya nywele unaelekea ngozini imekupaka rangi badala ya kukukinga.

Hatua ya 6: Kunawa na kupaka mafuta

Acha kunawa kwa petroli, mafuta ya taa au thina. Vinaondoa grisi, ni kweli, na vinaondoa pia mafuta ya ngozi yako. Sabuni ya unga ya kufulia na mchanga vinakwaruza. Njia isiyoumiza: pakaa mafuta ya kupikia au jeli kwenye grisi, sugua dakika moja, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni ya kawaida na maji yasiyo moto. Kausha kati ya vidole, ndiko ukurutu wa maji unakoanzia.

Halafu paka jeli isiyo na manukato, baada ya kila kunawa na kabla ya kulala. Jeli ya petroli inatosha, huhitaji krimu ya bei. Ila usiipake kabla ya kuvaa lateksi, maana mafuta huharibu mpira huo. Krimu zinazouzwa kama "glavu isiyoonekana" hurahisisha kunawa lakini hazichukui nafasi ya glavu.

Hatua ya 7: Kufua

Ovaroli ya kazi isichanganywe na nguo za mtoto. Ivue kazini, itie kwenye mfuko wake, ifuliwe peke yake, na suuza beseni baadaye. Ya faibaglasi ikung'utwe nje kwa upole kwanza, na anayeifua avae glavu. Suuza mara mbili, kwa sababu sabuni inayobaki kwenye kola huwasha shingo na mtu akadhani ni kemikali za kazini.

Hatua ya 8: Kikimwagika, na ukiona dalili

Vua nguo iliyolowa mara moja, hata kama ni mbele za watu. Unga mkavu kama simiti au chokaa upanguse kwanza. Kisha mwaga maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 angalau. Kwa vile mifereji ya Nairobi hukauka siku nyingine, weka karibu na kazi mtungi wa lita 20 wenye bomba dogo: ukifunguliwa lita moja kwa dakika unakupa dakika 20 hizo. Usitumie siki, limau wala dawa ya meno. Jicho pia huoshwa hivyo, kope zikiwa wazi, kisha hospitali.

Vipele vinavyokuja polepole vinaeleza vilikotoka, ukiviangalia vizuri. Vikiwa mgongoni mwa mkono na kuishia kwa mstari kamili kwenye kifundo, ishuku glavu yenyewe. Vikianzia kati ya vidole na chini ya pete, ni maji na sabuni. Vikiwa kwenye kope na shingo, huenda ni mvuke, vumbi au kitu ulichojipangusia. Vikipungua wikendi ndefu na kurudi Jumanne, ni kazi. Piga picha yenye tarehe kila wiki.

Usikimbilie krimu za steroidi kutoka duka la dawa bila kuchunguzwa. Zinatuliza haraka, lakini zikitumika ovyo hufanya ngozi kuwa nyembamba na huficha fangasi. Daktari wa ngozi anaweza kubandika vipimo vya mzio mgongoni, vikaondolewa baada ya saa 48 na kusomwa tena siku chache baadaye. Mpelekee karatasi ya usalama au picha ya lebo, kwa maana jina la kemikali litamsaidia kuliko maelezo ya harufu na rangi yake.

Hatua ya 9: Nani analipa

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 101, inamtaka mwajiri atoe na kutunza mavazi ya kinga yanayofaa kwa wafanyakazi wanaoshika maji au vitu vinavyodhuru, yakiwemo glavu, viatu na miwani pale vinapohitajika. Nawe mfanyakazi unawajibika kuyavaa. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Peleka hoja huko kwanza, ukiwa na kitu mahususi: "Mzee, glavu hizi hazina B wala F, na tunatumia thina kila siku" inasikika kuliko "glavu ni mbaya".

Kama umeumia, mwarifu mwajiri mara moja, kwa maandishi ikiwezekana, hata ujumbe wa simu. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ajali inatakiwa kuripotiwa na mwajiri kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7 tangu apate taarifa, na sheria hiyo inatambua pia magonjwa yanayotokana na kazi. Hifadhi nakala ya barua ya daktari, picha zako zenye tarehe na jina la kemikali. Nakala moja ibaki nyumbani, si kwenye kabati la kazini.